Deni la Anayemfundisha Mvuvi Kujizuia

Ipo elimu inayomwongezea mtu uwezo, na ipo elimu inayompunguzia. Kijana anayefundishwa kutengeneza wavu au kuendesha mashine ya boti hutoka darasani na zaidi ya alichoingia nacho. Lakini mvuvi mtu mzima anayefundishwa kwamba mwamba aliorithishwa na babu yake usiguswe mpaka mwezi fulani, hutoka na ujuzi mpya na kapu jepesi. Vituo vya mafunzo ya bahari katika mwambao wa Afrika Mashariki hutoa elimu zote mbili, mara nyingi chini ya paa moja, na wengi hudhani kuwa ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Elimu ya kwanza ni zawadi. Ya pili ni ombi. Na kila anayeomba hana budi kuulizwa: je, yeye mwenyewe anadaiwa nini?

Zawadi haina utata mkubwa. Huko Mbegani, jirani na Bagamoyo, Wakala wa Elimu na Mafunzo ya Uvuvi hufundisha uvuvi, ufundi wa vyombo na namna ya kumtunza samaki ili afike sokoni akiwa bado ni samaki. Hakuna mzee wa pwani atakayelaumu elimu ya namna hiyo. Ombi ndilo lenye uzito. Mfano wake mzuri ni kisiwa kidogo cha Chumbe, kusini ya mji wa Unguja, ambacho mwamba wake wa magharibi ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1994. Walinzi wake walitolewa katika wavuvi wa vijiji vya karibu, wakafundishwa elimu ya matumbawe, na hawakupewa silaha. Akiingia mwenye ngalawa katika maji yaliyokatazwa, mlinzi humwendea na kusema naye. Hana bunduki wala pingu. Ana hoja tu. Basi hoja hiyo ikiwa na tundu, mwamba wote umo hatarini.

Wahenga walisema mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo. Methali hii ina funzo kwa kila mkuu wa chuo cha bahari, kwani yumkini mwanafunzi wake anaijua bahari kumshinda mwalimu. Anajua bamvua na maji mafu, anajua kusi na kaskazi, anajua pango gani lina mwenyewe na lipi limehamwa. Ukimwambia kuwa pweza hukua upesi, na kwamba mwamba ukifungwa miezi michache hutoa pweza wakubwa, atakuelewa mara moja, maana umesema jambo analoweza kulipima kwa mkono wake. Vijiji kadhaa vya Pemba na Unguja vimekubali kufunga miamba ya pweza kwa sababu hiyo: siku ya kufunga inajulikana, siku ya kufungua inajulikana, na faida huonekana mizanini. Ni ombi lenye tarehe ya malipo.

Lakini yapo maombi yasiyo na tarehe. Mwaka 1995 ilianzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya namna yake Tanzania, ikikusanya Chole, Juani, Jibondo na sehemu ya Mafia yenyewe. Haikupokelewa kwa moyo mmoja. Watu wa Jibondo, mabingwa wa kuunda majahazi na kuvua, walijulikana kwa kuitilia shaka. Mtu anayeishi kwa bahari peke yake, akiambiwa apunguze, ana haki ya kuuliza swali ambalo hakuna mwalimu awezaye kulikwepa: na wengine je?

Swali hilo, likifuatwa kwa uaminifu, haliishii ufukweni. Linapanda mto. Maji ya Rufiji humwagika baharini mkabala wa Mafia, katika delta yenye msitu wa mikoko mkubwa kuliko yote ya pwani ya Afrika Mashariki. Humo ndimo kamba wachanga wanamokulia, penye maji yaliyochanganyika, chumvi na baridi. Na maji hayo baridi yametoka mbali. Mito inayoanzia milima ya Mbeya na Kipengere hukusanyika katika bonde la Usangu, hupumzika katika ardhi oevu ya Ihefu, kisha hutoka ikiwa Ruaha Mkuu, hupita nchi ya Iringa, huingia bwawa la Mtera, halafu Kidatu, na mwisho hujiunga na Rufiji. Mto Kilombero ndio unaoipa Rufiji maji mengi zaidi, na huo nao hunywa kutoka nyanda zile zile za juu, Mufindi na Njombe. Kwa hiyo mwenye dema Mafia ana jirani asiyewahi kumwona: mwenye jaruba la mpunga Mbarali.

Jirani huyo ana habari yake. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu, uliokuwa ukitiririka mwaka mzima, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Viboko hubaki wamebanana katika madimbwi ya tope. Walilaumiwa wafugaji, wakalaumiwa wakulima, yakalaumiwa mashamba makubwa ya umwagiliaji. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji na mifugo yao waliondolewa Usangu, na Ihefu, iliyokuwa na wavuvi wake wa perege na kambale, ikatiwa ndani ya mipaka ya hifadhi mwaka 2008. Hata baada ya hapo mto uliendelea kukauka. Hapa pana jambo la kutafakari. Watu wa bahari waliombwa kujizuia kwa kufundishwa. Watu wa bonde waliamriwa kujizuia kwa kuondolewa. Aliyeondolewa hakujifunza kitu kuhusu maji, ila kwamba mwenye nguvu huyataka. Ng'ombe wake alihamia bonde jingine, na mfereji wa aliyebaki uliendelea kunywa.

Je, basi, mvuvi wa kisiwani anaweza kusema: "Wa juu hawajizuii, nami sijizuii"? Hapana budi kutenganisha mambo mawili ambayo mazungumzo ya hifadhi huyachanganya. Kuna kujizuia kusiharibu, na kuna kujizuia kwa kubeba mzigo. Anayelipua baruti mwambani havuni. Anabomoa nyumba ambayo mwanawe angepanga. Wajibu wa kuacha tendo hilo hausubiri mtu mwingine awe mwema kwanza, wala dhambi ya jirani haijawahi kuwa ruhusa. Huyu aambiwe aache, hata kama mito yote ya Mbeya imekauka. Lakini kuacha eneo zima bila kuvuliwa, au kupumzisha msimu, ni mzigo unaobebwa kwa ajili ya wote, na mzigo wa wote una sharti lake: ugawanywe. Ukimtwika mmoja kwa sababu tu yuko karibu na mzani, hiyo si elimu ya hifadhi. Ni kodi ya mnyonge iliyovishwa joho la mwalimu.

Hata hivyo, haki isigeuke kisingizio cha kumshitaki mkulima. Mchele wa Mbeya ni sifa ya masoko ya Dar es Salaam na Pwani. Mpishi wa bara ya pwani anayejivunia sinia lake la wali na samaki amewakutanisha mahasimu wawili katika chombo kimoja: mchele ulioyanywa maji, na samaki aliyeyakosa. Ndani ya delta yenyewe mikoko imekatwa ili kulima mpunga. Na taa zinazowaka usiku mijini zimewashwa kwa maji ya Mtera na Kidatu, na tangu bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kuzalisha umeme mwaka 2024, kwa maji ya Rufiji yenyewe. Mdai na mdaiwa wamo mwilini mwa mlaji yule yule. Kwa sisimizi maji ya kifuu ni bahari; kosa lake si kuwa mdogo, bali kudhani kifuu hakina mnazi.

Kutokana na hayo, deni la kituo cha mafunzo linaweza kutajwa kwa maneno machache. Kwanza, kiwe chini ya sheria inayoifundisha: boti ya mgeni na boti ya mwenyeji zipimwe kwa kipimo kimoja. Pili, kila ombi kiliambatanishe na tarehe ya malipo, au kama halina, kiseme hivyo waziwazi na kutafuta wa kuchangia hasara; njaa haingoji ripoti. Tatu, na hili ndilo linalosahauliwa, kiufikishe ujumbe wa mvuvi pale asipofika mvuvi. Kituo kinachojua kupanda boti kwenda kumwambia mwenye ngalawa arudi, kijue pia kupanda basi kwenda Usangu na Mufindi, na kumkalisha mwenye jaruba pamoja na mwenye dema, kila mmoja aeleze maji yanamfanyia nini. Huenda wasikubaliane. Lakini mvuvi atakayerudi kutoka mkutano huo ataombwa kujizuia na watu waliomsikiliza, na mkulima atafunga mfereji wake usiku akijua yuko nani mwisho wa mto.

Kisiwa hufundisha mtu mipaka, kwani kila upande anaoelekea hukutana na maji. Nyanda za juu hazina funzo hilo; huko maji huondoka, na kinachoondoka hudhaniwa kimekwisha. Mwenye kujua mipaka asifundishwe peke yake. Maadamu maji ni mamoja, darasa nalo liwe moja.