Mgeni Anunua Kaburi

Somo: Mwanzo 23:1–20

Sara alifariki Hebroni akiwa na miaka 127. Mumewe, aliyemzidi miaka 10, alikuwa na 137. Ibrahimu alitoka Harani akiwa na 75, kwa hiyo alikuwa amekaa miaka 62 katika nchi aliyoahidiwa na Mungu, na hakuwa na hata pa kukanyaga pa kuita pake. Mifugo alikuwa nayo, fedha na dhahabu pia, na watumishi wa kutosha kupigana vita. Kaburi la mkewe hakuwa nalo.

Mzee akainuka mbele ya maiti, akawaendea wana wa Hethi waliokaa langoni pa mji, akajitambulisha kwao kuwa ni mgeni, mtu wa kupita tu. Hapo ndipo sura hii inaponishika. Huyu ndiye aliyeonyeshwa nchi yote, kaskazini na kusini, akaambiwa ni yake na uzao wake. Kama ningekuwa mimi, ningewakumbusha Wahethi kwamba kwa Mungu shamba hilo limeshaandikwa jina langu. Ibrahimu hakuitaja ahadi hata kwa neno moja. Aliinama mbele ya wenyeji, akaomba auziwe.

Sisi wa kanda hii ya migodi tuna sababu ya kuisoma sura hii polepole, kwa kuwa huku watu wengi ni wa kuja. Rashi ya dhahabu ikisikika Nyarugusu, vijana wa Mgusu wanafunga mabegi. Katoro imejaa watu waliosema wanakuja kwa msimu mmoja. Hata Mwadui ni habari ya kijana aliyetoka mbali. John Williamson, mzaliwa wa Quebec, Kanada, alikuja Afrika akiwa mwanajiolojia kijana, akaipata almasi ya Mwadui mwaka 1940 akiwa na miaka 33, na mgodi ule ndio ukawa makazi yake hadi alipofariki Januari 1958. Shinyanga ilimpa Mkanada makazi ya kudumu kabla vijana wa Shinyanga hawajaanza kuyatafuta Kanada.

Siku hizi wanayatafuta kweli. Msimu wa bahati nasibu ya viza ya Marekani ulipokuwa ukifika, ungewakuta kwenye steshenari za Kahama wamepanga foleni, picha ya pasipoti mkononi, wakibishana kama jina liandikwe lilivyo kwenye cheti cha kidato cha nne au lilivyo kwenye cheti cha kuzaliwa. Mpango huo ulianzishwa na sheria ya mwaka 1990 na kwa miaka mingi uliweka nafasi zisizozidi 55,000 kwa mwaka kwa dunia nzima, nao waliojaza fomu walikuwa mamilioni. Wengine wanaondoka kwa masomo, wengine kwa uuguzi, wengine kwa ndoa. Wakifika, wanabeba maboksi kwa miaka, wakihesabu siku: Kanada, kwa mfano, aliyepewa ukaazi wa kudumu hutakiwa awe ndani ya nchi walau siku 730 katika kila miaka mitano asije akaupoteza. Kadi ya ukaazi wa kudumu ya Marekani nayo huwa na tarehe ya kuisha, kwa kawaida miaka 10, kisha inaombwa upya.

Turudi langoni. Ibrahimu aliomba pango la Makpela tu, lililo mwisho wa shamba. Efroni, mwenye shamba, mbele ya watu wote, akasema anampa pango pamoja na shamba, azike tu. Mtu yeyote aliyewahi kununua kiwanja Katoro anaijua sauti hiyo. Ukipokea bure leo, kesho kutwa watoto wa Efroni watakuja na mwenyekiti wa kitongoji kusema baba alikuazima. Ibrahimu akakataa kwa adabu, akainama tena, akataka bei. Ndipo Efroni akaidondosha kana kwamba si kitu: shekeli 400, kati yangu na wewe hiyo ni nini? Karne nyingi baadaye nabii Yeremia alinunua shamba Anathothi kwa shekeli 17. Mzee alipigwa, kwa lugha ya mtaani. Lakini hakubishana. Alipima fedha mbele ya mashahidi, kwa uzani wa wafanyabiashara, na Maandiko yanaorodhesha kilichouzwa utadhani ni hati ya mtendaji wa kijiji: shamba, pango lililomo, na miti yote ndani ya mipaka.

Napenda sana kwamba Roho Mtakatifu hakuona shida kuhifadhi miti ile. Kujaza fomu vizuri, kulipa ada halali, kusubiri zamu yako, ni mambo ambayo baba wa imani aliyafanya akiwa na msiba mkononi. Nasema hivi kwa sababu kuna mahubiri yanayopaka pasipoti mafuta na kutangaza viza kwa jina la Yesu, na kijana yule yule akitoka hapo anafundishwa kujilipua: ajiite mkimbizi kutoka nchi asiyoijua, au afunge ndoa ya makaratasi na mtu anayemlipa kwa mwezi. Sioni jinsi ya kuliunganisha hilo na Mwanzo 23. Mwenye ahadi kubwa kuliko wote alisema kweli kwamba ni mgeni, na akalipa zaidi ya thamani.

Wala tusidhani kusubiri ni kwa wanaokwenda ng'ambo tu. Kusini mwa Kahama, mkoani Tabora, iko Ulyankulu. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipewa makazi pale, na Katumba na Mishamo upande wa Mpanda. Walilima, wakajenga makanisa, wakazika wazee wao. Vyeti vya uraia vilianza kukabidhiwa Oktoba 2014 na Rais Jakaya Kikwete, kwa watu zaidi ya 162,000, wengi wao wakiwa wamezaliwa hapa hapa. Miaka 42. Waliokuja wakiwa vijana walipokea karatasi wakiwa na wajukuu, na wengine walikuwa wameshalala katika ardhi ambayo kisheria haikuwa yao.

Jirani zetu hao wanaielewa Makpela kuliko mimi. Kipande cha kwanza cha nchi ya ahadi kilichoandikwa jina la Ibrahimu kilikuwa cha kuzikia. Makazi ya kudumu hatimaye yanafika kwenye swali hilo: tutalala wapi? Mtanzania mwenye ukaazi wa nje bado ni Mtanzania. Akichukua uraia wa huko, Sheria ya Uraia ya 1995 haimwachii wa kwetu, na Sheria ya Ardhi ya 1999 ilimweka asiye raia kando, isipokuwa kwa uwekezaji. Ugumu huo ndio uliofikisha bungeni habari ya hadhi maalum kwa wenye asili ya Tanzania. Kijana wa Bukombe anaweza kujikuta mbele ya kaburi la baba yake akisema kama Ibrahimu: mimi ni mgeni kwenu.

Mama mmoja wa jumuiya yetu alisimama kutoa shukrani Jumapili moja: mwanawe amepata makaratasi. Vigelegele vikapigwa. Baada ya ibada alinisubiri nje, bahasha ya sadaka ya shukrani ikiwa bado mkononi. "Baba mchungaji, kwa hiyo sasa ndiyo harudi?"

Nilimweleza habari za Yakobo, aliyekaa Misri miaka 17 katika Gosheni nzuri, kwa kibali cha Farao mwenyewe, na bado akamwapisha Yusufu asimzike huko. Yusufu, mkubwa wa nchi, alilazimika kuomba ruhusa ya kusafirisha mwili na kuahidi kwamba atarudi. Akampeleka baba yake hadi Makpela, pale pa shekeli 400, akamzika. Kisha, Mwanzo 50:14, akarejea Misri pamoja na ndugu zake, na Biblia haimlaumu popote.

Mama akafungua Biblia kwenye simu, akausoma mstari ule mara mbili. Akauliza kilichomrudisha Yusufu ni nini, kazi ya Farao au nini. Nikamwonyesha mstari wa 8: watoto wao wadogo walikuwa wamewaacha Gosheni.

"Aa," akasema. "Basi na mimi nitafute pasipoti."