Mgeni Asiyefika Siku ya Tatu

Kuna methali ambayo kila Mswahili anaijua, hata yule ambaye hajawahi kushika jembe: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mara nyingi tunaitumia kwa utani, kumsema ndugu aliyekuja "kusalimia tu" na sasa ana wiki ya pili kwenye kochi. Lakini ukiitazama vizuri, imebeba nadharia nzima ya safari. Inasema mgeni ana haki, na haki hiyo ina mwisho. Siku mbili unalishwa, unaulizwa habari za utokako, unasamehewa usiyoyajua. Siku ya tatu unaingizwa kwenye kazi, na kwa njia hiyo unaingizwa kwa watu.

Sasa vipi kuhusu msafiri ambaye amepanga, tena kwa makusudi na kwa gharama kubwa, asiifikie siku ya tatu mahali popote?

Nauliza kwa sababu shangazi yangu anapanga safari ya namna hiyo. Amezaliwa Mpepai, Mbinga. Ameishi Uingereza zaidi ya miaka thelathini, akifanya kazi ya uuguzi mpaka kustaafu. Sasa anataka kuizunguka Asia kwa meli za kitalii, na si kwa safari moja. Ni safari nne zilizounganishwa, moja ikiisha nyingine inaanza: Singapore kwenda Thailand na Vietnam na kurudi Singapore, kisha Hong Kong, kisha Japani, kisha kuizunguka Japani yenyewe. Jedwali alilonitumia kwa WhatsApp lina rangi. Kuna safu ya visa, hasa zile za kuingia nchi moja zaidi ya mara moja. Kuna bima, kuna dawa za presha za miezi miwili na akiba ya wiki mbili juu yake. Kuna hata siku za kufua.

Kwenye kikundi cha ukoo habari ilipofika, haikupokelewa vizuri. "Miezi miwili anaelea tu, na nyumbani hajafika miaka sita?" Mwingine akauliza, kwani huko kote anakwenda kumwona nani? Swali hilo si la ujinga. Ukishuka kutoka Mbinga mpaka Mbamba Bay, mwendo wa kilomita 66 hivi za lami, unafika Ziwa Nyasa, na kule meli hupandwa na mtu mwenye mahali pa kwenda. Abiria wa MV Mbeya II ana gunia lake, ana usipa wa kuuza, ana mgonjwa anayempeleka au msiba anaouwahi. Kupanda meli ili kuwa melini ni jambo ambalo ziwa letu halilijui.

Meli za kitalii zina mantiki yake. Kwa kawaida zinafika bandarini asubuhi na kuondoka jioni. Kwenye ratiba imeandikwa Bangkok, lakini meli nyingi kubwa zinafunga gati Laem Chabang, na kutoka hapo mpaka Bangkok ni kama saa mbili kwa basi, foleni ikiruhusu. Toa za kwenda, toa za kurudi, toa na saa moja ya tahadhari maana meli haimngoji mtu. Kinachobaki ni nusu siku katika mji wenye mamilioni ya watu. Kesho unaamkia kwingine. Kila bandari ni siku ya kwanza. Na anayeunganisha safari kwenye meli ileile anapata zaidi: siku ambayo wenzake wanashuka na masanduku, yeye anapewa kadi ya abiria anayeendelea, ananyoosha miguu mjini, kisha anarudi kwenye chumba chake. Hata ile huzuni ndogo ya mwisho wa safari imeondolewa.

Machi 2024 abiria wanane wa meli moja ya kitalii walichelewa kurudi bandarini kule São Tomé, na meli ikawaacha. Iliwabidi waifuate kwa siku kadhaa, nchi hadi nchi, mpaka wakaipata Dakar. Habari ile ilisambaa kama kituko. Mimi niliwaza kwamba pengine kwenye meli nzima ni hao wanane tu walioifikia siku ya tatu. Walihitaji watu.

Pwani yetu nayo iliwahi kuunganishwa na Asia kwa safari zenye ratiba, ila aliyepanga ratiba alikuwa upepo. Kaskazi, kuanzia Desemba hivi mpaka Machi, ilileta majahazi kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi. Kusi ikishika, kuanzia Aprili, yanarudi. Katikati nahodha angeweza kumaliza kushusha mizigo yake kwa siku chache, lakini upepo haununuliki. Akakaa Zanzibar, Lamu au Mombasa wiki na miezi. Akapanga nyumba, akakopesha, akaoa, akazika. Lugha hii ninayoiandika imejaa mazao ya siku ya tatu. Neno "safari" lenyewe lina asili ya Kiarabu, na hiyo "bima" anayokata shangazi ilitoka Bara Hindi.

Lakini tusidanganyane kwamba kukaa ni wema. Wasomaji wa Abdulrazak Gurnah wanamkumbuka Hussein katika By the Sea, mfanyabiashara anayekuja na msimu, anapanga chumba katika nyumba ya watu, anakuwa rafiki, anakopesha. Anapoondoka, familia ile imebaki na deni ambalo dhamana yake ni nyumba yenyewe, na mtoto wao mkubwa amemfuata mgeni. Huku kwetu kuna mabaya zaidi. Misafara ya Kilwa ilifika mpaka Ziwa Nyasa, na katika karne ya 19 majahazi yalivusha watumwa ziwani humo kuelekea pwani. Wale nao walikuwa wageni waliokaa. Walipewa jembe, wakamchukua na mwenye shamba.

Kwa hiyo mtu anaweza kuitetea meli ya kitalii hivi: anayekaa saa nane hawezi kukudhuru sana. Ananunua kofia, anapiga picha, anaondoka. Baada ya historia tuliyo nayo, mgeni mwepesi si ndiye mgeni salama?

Ni hoja nzuri, ila ina tundu. Wepesi wa mgeni mmoja si wepesi wa meli nzima. Mwaka 2021 Italia ilizuia meli kubwa kupita mbele ya katikati ya Venice, baada ya miaka ya malalamiko ya wenyeji, na kila abiria wa meli zile, mmoja mmoja, alikuwa hana baya. Isitoshe, ndani ya meli kazi haijaisha. Kuna anayetandika, anayefua, anayeosha sahani usiku. Wengi wao wanatoka Ufilipino, Indonesia na India, kwa mikataba ya miezi mingi, na mshahara unakwenda kwao. Jembe la siku ya tatu lipo pale pale melini. Limeshikwa na mtu mwingine, sitaha za chini.

Na sisi tuna jamaa tuliyemrithi katika suala hili. Mwaka 1896 Salim bin Abakari alifika Urusi na Siberia akiwa mtumishi wa bwana Mjerumani, na masimulizi yake kwa Kiswahili yakachapishwa mwaka 1901 katika mkusanyo wa Carl Velten. Mmoja wa Waswahili wa kwanza kutuandikia habari za safari ya Asia hakwenda kama mgeni. Alikwenda akiwa upande wa wale wanaobeba.

Hapo ndipo namrudia shangazi, kwa sababu bila yeye hoja hii ingekuwa rahisi mno. Huyu si mtu aliyezaliwa kwenye mito laini. Amekulia Umatengo, penye kilimo cha ngoro, ambako kwa desturi wanaume hufyeka na kupanga nyasi katika miraba, na wanawake ndio hulima na kuzifukia mpaka mlima mzima unakuwa mashimo kama sega la nyuki. Akatoka hapo akaenda kugeuza wagonjwa wa watu usiku. Katika mshahara huo zimetoka ada, bati na matibabu, ya kwangu mimi pia yakiwemo. Nilipomuuliza kwa nini meli na si nyumbani, alinijibu kwa ujumbe wa sauti, akicheka kwanza.

"Mwanangu, nikija huko hata zile siku mbili sipewi. Sijavua viatu, jembe nishashikishwa."

Nimeusikiliza ujumbe ule mara nyingi kuliko inavyostahili. Methali ina nusu mbili, na sisi tunaopokea watu kutoka nje tumebaki na nusu moja. Anayekuja na sanduku anakutana na orodha uwanja wa ndege. Nani amelazwa, nani amefukuzwa shule, ukuta wa nani umeanguka. Yote ni kweli, na mengine yana haraka. Lakini aliyeandika jembe siku ya tatu alikuwa na sababu ya kuweka mbili kabla yake. Zile siku mbili ndizo zinazomwambia mtu kwamba anapendwa kabla hajafaa kitu. Ukizifuta, unachodai siku ya tatu kinafanana na kodi.

Bado nadhani meli haitamfikisha Asia. Ataiona kama tunavyoona vijiji kupitia dirisha la basi, na ni vyema aliite jambo hilo kwa jina lake: mapumziko, si safari. Mapumziko hayahitaji kuombewa radhi kwa mtu aliyefanya kazi hivyo. Yana sharti moja tu, kumtambua anayekushikia jembe. Na katika hilo sina wasiwasi naye. Aliyetandika vitanda vya wengine miaka thelathini hatapita mbele ya anayetandika chake bila kumsalimia na kumuuliza habari za kwao.

Wasiwasi wangu ni juu yetu. Kwenye kikundi cha ukoo bado wanauliza atakuja lini, na kila anayeuliza ana la kwake analosubiri. Mpaka leo hakuna aliyeandika kwamba chumba kipo, aje akae siku mbili.