Kabla Hamjaurudia Wimbo wa Kabasele

Wajukuu zangu wa hapa Wamaza, Maniema, nimesikia mnataka kuurudia Indépendance Cha Cha, muutie mdundo wa siku hizi na kuusambaza kwenye simu. Urudieni. Wimbo usiorudiwa hufa na waliousikia. Ila kaeni kitako kwanza tuzungumze, maana ndani ya wimbo huu wametajwa watu, na kumtaja mtu usiyemjua ni kumvunjia heshima.

Ulizaliwa Brussels, Januari 1960, viongozi wetu wa Kongo walipoitwa kwenye Meza ya Duara kujadiliana na Wabelgiji kuhusu uhuru. Joseph Kabasele, yule Grand Kallé, alikwenda huko na African Jazz yake. Nico Kasanda alishika gitaa la solo, kaka yake Déchaud akamsindikiza kwa gitaa la pili, Roger Izeidi kwenye maraka, Petit Pierre kwenye ngoma. Kutoka OK Jazz, bendi iliyokuwa ikishindana nao kule Léopoldville, wakaja Vicky Longomba na Brazzos. Hapo nataka mtulie kidogo. Mahasimu wa jukwaani walikubali kupiga pamoja kwa sababu jambo la nchi lilikuwa kubwa kuliko jina la bendi. Nao walikuwa vijana: Kabasele alikuwa na miaka 29, Nico miaka 20 tu. Nyinyi mnagombana nani atangulie kushika maikrofoni.

Mkutano ulipokubaliana kwamba uhuru ni tarehe 30 Juni, wao wakaimba. Walitumia Kilingala, mapigo wakayachukua Kuba, ambako damu ya babu zetu waliouzwa ilikuwa imeshayatia ladha yake. Wengi wenu mnaimba maneno yale kwa kukisia. Mtafuteni anayekijua Kilingala vizuri awafafanulie neno kwa neno, kisha msikilize orodha ile. Abako, Conakat, MNC, Cartel; Kasavubu, Bolikango, Lumumba, Kalonji, Tshombe. Vyama na watu vimepangwa kama ndugu kwenye mkeka mmoja, na katikati yao wanamuziki wakalipachika jina lao wenyewe, African Jazz, kana kwamba nao walikuwa chama kilichoshinda.

Sasa hesabuni miezi. Tarehe 11 Julai, Tshombe akaitenga Katanga. Agosti, Kalonji akaitenga Kasai ya Kusini. Septemba 5, Kasavubu akamfukuza Lumumba, na Januari 17, 1961, Lumumba akauawa huko Katanga. Mwaka haukutimia tangu sauti ile irekodiwe. Sisi wa Maniema ilituuma zaidi, kwa kuwa Lumumba alifanya kazi Kalima katika ujana wake, kwenye kampuni ya madini, na alipofika Brussels alikuwa ametolewa gerezani siku hizo hizo. Halafu 1964 waasi wa Simba wakaja, na yaliyotokea Kasongo na Kabambare waulizeni bibi zenu, kwa upole, na wakinyamaza msiwalazimishe.

Kwa hiyo mtu akiupiga wimbo huu kama wa harusi tu, naumia. Ni wimbo wa furaha, kweli, na furaha ile ilikuwa halali yetu. Lakini anayeuimba leo anajua yaliyofuata, Kabasele hakuyajua.

Mwone mwanamuziki Baloji alivyofanya. Ni mzaliwa wa Lubumbashi, akalelewa Ubelgiji. Mwaka 2010, uhuru ulipotimiza miaka 50, aliuchukua wimbo huu akauita Siku ya Baadaye, jina la Kiswahili chetu. Hakuufuta wa zamani. Ule muziki unausikia bado unacheza chini yake, na juu yake anatia maneno yake, mengi kwa Kifaransa, akiuliza siku iliyofuata ilituletea nini. Huko ndiko kurudia wimbo ninakokutaka. Swali lake lilikuwa la mtu aliyekulia mbali. Lenu litakuwa la mtu anayesukuma baiskeli yenye mafuta ya mawese kwenye barabara iliyooza mpaka Kasongo, na hilo hakuna aliyeliimba bado. Na katika orodha ile ya wakubwa hakuna jina la mwanamke hata mmoja. Nafasi hiyo ipo wazi, ijazeni.

La mwisho ni majina ya wenye wimbo. Mnaijua Malaika. Fadhili William wa Kenya aliirekodi, Grant Charo akadai ni yake, Adam Salim wa Tanganyika naye akadai, na Miriam Makeba na Boney M wakaieneza duniani huku ugomvi ukiendelea. Kwa wimbo wa Kabasele hatuna udhuru wa kutojua, tunawajua waliokuwepo. Mkisharekodi, andikeni chini ya wimbo: Kabasele, Nico, Déchaud, Izeidi, Petit Pierre, Longomba, Brazzos. Kisha ndipo muandike ya kwenu.