Mboji na Amana ya Ardhi Isiyomilikiwa

Swali la iwapo mtu anawajibika kuitunza ardhi asiyoimiliki lina uzito wa pekee Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyoanzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 wilayani Isingiro nchini Uganda, si mbali na Mbarara, ambako Wakongo, Warundi na wengineo hupewa viwanja vya kulima bila kuvimiliki. Mfano wa utunzaji huo ni kutengeneza mboji, yaani mbolea ya mabaki ya mimea yaliyooza pamoja na samadi, ambayo huchukua miezi kadhaa kuiva: maganda ya matoke hupangwa tabaka kwa tabaka na nyasi kavu, samadi ya mbuzi na majivu kidogo, kisha rundo hunyunyiziwa maji na kugeuzwa ili hewa ipenye, hadi liwe jeusi, lifikichike na linukie udongo.

Anayetarajia kuhamishiwa ng'ambo anaweza kudai kwamba kazi hiyo itamnufaisha mwingine. Hata hivyo, Uislamu humwona binadamu kuwa khalifa, yaani msimamizi aliyekabidhiwa dunia, na kitabu cha Mwanzo humpa mtu wa kwanza kazi ya kuilima bustani na kuitunza. Kwa hiyo kukosa hati hakuondoi wajibu, kwa kuwa mwenye hati naye ni mpitaji aliyepewa amana.