Ajali Haina Kinga?

Stoo ya kiwanda chetu cha mabomba hupokea resini ya PVC, unga mweupe, kilo 25 kwa mfuko. Vijana wanaopasua mifuko bila barakoa huniambia, "Mzee, ajali haina kinga." Silikubali neno hilo. Kudra ya Mungu naiamini kwa moyo wote, lakini vumbi hili likivutwa miaka mingi laweza kuumiza mapafu, na unga wenyewe ukiungua hutoa gesi kali ya asidi. Nani alitupa akili ya kulijua hilo?

Mwaka 1974 kampuni ya B.F. Goodrich ilitangaza vifo vya wafanyakazi wake wa Louisville, Marekani, kwa saratani adimu ya ini. Chanzo kilikuwa kloridi ya vinili, gesi inayotengenezewa unga huu. Mwaka huohuo serikali ikaamua kushusha kiwango kinachoruhusiwa hewani kutoka sehemu 500 kwa milioni hadi 1. Je, kudra ilibadilika, au watu ndio waliobadilika?

Asiyeambiwa hatari hawezi kusemwa ameridhia. Pumzi ya kibarua ni amana mikononi mwangu, nami nitaulizwa. Asiye na barakoa namtoa nje, hata lori likisubiri.