Mbwaa, Meroe na Swali la Mwaka

Katikati ya karne ya 4 Baada ya Kristo, dola ya Kushi kwenye Mto Nile ilikuwa inaporomoka. Mfalme Ezana wa Aksum, ambaye alikuwa amepokea Ukristo, aliamuru vita vyake katika nchi hiyo vichongwe kwenye jiwe, na kwa ushindi huo akamshukuru Bwana wa Mbinguni. Miji ya Wakushi, Meroe ukiwa mkuu wake, haikuinuka tena.

Kipindi hicho huzungumzwa hadi kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Wapo Wameru wanaoamini kwamba babu zao walitoka Meroe, na wengine hurudi nyuma zaidi, hadi kwa Waisraeli waliotoka Misri na Musa. Msingi wa imani hiyo ni masimulizi ya Mbwaa, mahali ambapo Wameru husema walitoka. Huko, wazee husimulia, Wameru walikuwa watumwa wa Nguo Ntune, watu wa nguo nyekundu, waliowapa majaribu yasiyowezekana. Waliamriwa watengeneze kiatu cha ngozi chenye manyoya pande zote mbili. Wakakikata kwenye ngozi inayoning'inia shingoni mwa ng'ombe. Waliambiwa walitoe tunda shimoni bila kulifikia kwa mkono. Wakamimina maji hadi likaelea. Mwishowe walitoroka, kiongozi wao akayapiga maji kwa fimbo, nao wakavuka. Waliovuka usiku ndio koo nyeusi, wa alfajiri nyekundu, wa mchana nyeupe.

Mwanahistoria Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee wa Meru, aliiweka Mbwaa kwenye kisiwa cha Manda karibu na Lamu, na safari yenyewe karibu na mwaka 1700. Hesabu ya namna hii hutegemea marika: majina yake hupangwa kwa kufuatana, kila rika likipewa miaka kama 15. Lugha nayo ina ushahidi wake. Kimeru ni Kibantu, ndugu wa Kiembu, Kikuyu na Kikamba, na hakielekezi Meroe. Mfanano wa majina mawili, Meru na Meroe, hautoshi kuziba pengo la zaidi ya miaka 1,300.

Je, masimulizi yasiyo na mwaka ni ya uongo? Hilo ni swali la falsafa kabla ya kuwa la historia. John Mbiti, kasisi wa Kianglikana aliyezaliwa Kitui, alidai katika kitabu chake cha 1969 kwamba Mwafrika wa jadi aliishi katika Sasa na Zamani, na kwamba wakati kwake ulikuwa matukio, si tarakimu. Mbiti alikosolewa, na kwa haki, kwa kudai kwamba wakati ujao wa mbali haukuwamo katika fikra hizo. Waembu, ndugu wa Wameru kwa lugha, wanampinga: watu waliopokezana uongozi kizazi kwa kizazi hawakuwa na budi kumwandaa mrithi kabla ya siku yake. Hata hivyo, kuhusu tarakimu alikuwa na hoja. Masimulizi ya Mbwaa yanaeleza nani alivuka na nani, na ukoo upi uko upande upi. Mwaka hayakuuhitaji.

Waembu nao wanaonyesha kwamba mwanzo hauhitaji hata bahari. Masimulizi yao yanaanza papo hapo, kwa Mwenendega na mkewe Nthara, na msitu mtakatifu wa Mwenendega uko karibu na Runyenjes. Hakuna anayeyatafutia masimulizi hayo mwaka katika historia ya dunia.

Hamu ya kuihusisha Mbwaa na Musa inaeleweka. Wamisionari walifungua vituo vyao Meru na Embu mwanzoni mwa karne ya 20, wakaja na Kitabu chenye utumwa, fimbo na maji yaliyogawanyika. Msikilizaji aliyelelewa na Mbwaa aliona habari zake mwenyewe. Lakini kufanana si nasaba. Anayeilazimisha Mbwaa iingie katika zama za Ezana au za Musa anaomba heshima kwa wageni, ilhali masimulizi hayo yaligawa koo za Wameru kabla Biblia haijafika huko.