Mizani ya Chuma Chakavu

Je, ni halali kwa Mkristo kununua kitu kwa bei ndogo huku akijua kwamba muuzaji hafahamu thamani ya kile anachouza? Swali hili linaweza kuonekana kuwa la wanasheria, au la matajiri wanaouziana viwanja na meli. Sisi tulikutana nalo mahali pa kawaida kabisa: kwenye mizani ya vyuma chakavu hapa Mwanza.

Tuko waumini wachache wa parokia moja ambao kwa miaka kadhaa tumekuwa tukikusanya mashine za zamani za kupiga chapa, zile ambazo wengi huziita taipureta. Fedha zetu ni za walimu wastaafu na mafundi cherehani, kwa hiyo hatuagizi mashine Ulaya. Tunazitafuta kule zilikotupwa. Na zimetupwa nyingi, kwa sababu mji huu ulikuwa mji wa pamba, na pamba ilitembea na karatasi. Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, lililoanzishwa mwaka 1955, lilikuwa na barua na hesabu za kupeleka kila upande wa Usukuma. Shule, misheni, mahakama na ofisi za serikali nazo zilikuwa na wapiga chapa wao. Kompyuta zilipoingia, mashine zilipelekwa stoo. Kutoka stoo zikaenda nyumbani kwa makarani waliostaafu. Sasa makarani wanafariki, na mashine zinatolewa uvunguni kwenda kwa mnunuzi wa chuma.

Mnunuzi wa chuma hupima kwa kilo. Hana kosa, ndiyo kazi yake, na mji wetu unaijua heshima ya kazi hiyo. Makoroboi pamepata jina lake kutokana na koroboi, zile taa za mafuta ambazo mafundi wa pale walizitengeneza kwa makopo na mabati yaliyokwisha kutupwa. Lakini mizani haijui kusoma. Olivetti Lettera 22, mashine ya Italia ya mwaka 1950 iliyopata tuzo ya ubunifu ya Compasso d'Oro mwaka 1954, kwenye mizani ni sawa na kipande cha bomba chenye uzito uleule.

Hapo ndipo swali letu lilipo. Mama mjane analeta mashine ya marehemu mumewe. Ana mtoto aliyelazwa Bugando, na anataka bei ya chuma ili apate nauli na dawa. Sisi tunaitazama. Vitufe vyote vinarudi, roli la mpira halijapasuka, kengele inalia. Tunajua kwamba ikisuguliwa kwa mswaki na spiriti, ikawekwa utepe wa nusu inchi ambao unafaa kwenye mashine nyingi, itaandika tena. Tunajua pia kwamba yuko mtu atakayetoa mara kadhaa ya bei ile. Mama hajui. Tufanyeje?

Mtaa una jibu lake: wajinga ndio waliwao. Tusilidharau jibu hilo haraka, maana lina hoja. Kwanza, muuzaji ametaja bei mwenyewe, hakuna aliyemlazimisha. Pili, ujuzi wetu haukuja bure. Tumefungua mashine nyingi mbovu mpaka tukajua ipi inafufuka na ipi imekwisha, na ujuzi ni mali kama mali nyingine. Tatu, nani aseme thamani ya kweli ni ipi? Mwaka 2009 mashine ya mwandishi wa Marekani, Cormac McCarthy, aina ya Lettera 32, ilinadiwa kwa dola 254,500. Yeye akaendelea na kazi yake kwa mashine nyingine ya aina ileile, iliyopatikana kwa chini ya dola 20. Ikiwa mashine mbili za aina moja zinaachana kiasi hicho, bei ya haki iko wapi?

Hoja hii ya tatu ndiyo nzito, na inastahili kujibiwa. Ni kweli kwamba hatuwezi kuitaja bei ya haki mpaka senti ya mwisho. Lakini mtu asiyejua kina cha ziwa bado anajua kwamba kutoka hapa hadi Ukerewe hapapitiki kwa miguu. Tunaposimama mbele ya mama yule huenda hatujui bei kamili ya mashine yake. Tunajua, bila shaka yoyote, kwamba si bei ya chuma. Na dhamiri haituulizi kuhusu kile tusichokijua. Inatuuliza kuhusu kile tunachokijua na kukinyamazia.

Kanisa lilikwisha kulitafakari jambo hili zamani. Mtakatifu Augustino, mwana wa Afrika, katika kitabu chake juu ya Utatu anasimulia habari za mtu aliyemfahamu. Mtu huyo aliletewa kitabu anunue, akaona kwamba muuzaji hajui thamani yake na ndiyo maana anaomba kidogo. Akampa bei iliyo ya haki, kubwa kuliko ile iliyoombwa, na muuzaji hakuwa ameitarajia kabisa. Karne nyingi baadaye Mtakatifu Thoma wa Akwino alilisema wazi zaidi: muuzaji akiuza dhahabu akidhani ni shaba, na mnunuzi akajua, mnunuzi huyo ananunua bila haki, naye anapaswa kurudisha. Tukumbuke hapo hakuna aliyedanganya kwa maneno. Kilichotumika ni ukimya. Naye Yoshua bin Sira (27:2) anatuonya kwamba dhambi hupenda kujibana katikati ya kununua na kuuza, kama kigingi kati ya mawe mawili.

Hata hivyo hoja ya pili, ile ya ujuzi, ina haki yake ndani ya mipaka. Kazi yetu ina gharama. Kuna nauli, kuna utepe, kuna siku nyingi za kusafisha kutu ambayo unyevu wa ziwa huileta upesi, na kuna mashine zinazotushinda kabisa. Gharama hizo ni halali kuhesabiwa, mradi zihesabiwe mezani, mbele ya muuzaji. Kwa hiyo tumekubaliana kusema hivi: "Mama, hii si chuma tu, ni mashine nzima. Ikitengenezwa inaweza kuuzwa kwa kiasi hiki. Sisi tutaingia gharama hizi na hizi. Tunaloweza kukupa ni hili. Ukitaka kwanza kuuliza kwingine, uliza." Na hatuipondi mashine ili ishuke bei, maana Methali 20:14 inamfahamu vizuri mnunuzi anayelalamika sokoni kisha anajisifu njiani.

Njia hii ina hasara, na wasomaji wasidhani tunahubiri jambo jepesi. Mzee mmoja alikuwa na Imperial nzuri, mashine ya Kiingereza ambayo tuliitafuta kwa muda mrefu. Tulimweleza alichonacho. Alitusikiliza, akatushukuru, akaifunga tena kwenye kanga, na baada ya wiki mbili akamuuzia mtu mwingine kwa bei ambayo mfuko wetu usingeifikia. Tulirudi na daladala mikono mitupu, na hatukuwa na furaha. Lakini tulipolizungumza baadaye tuliona kwamba mzee hakutunyang'anya kitu. Mashine ilikuwa yake, na bei ilikuwa yake. Kilichokuwa chetu ni hamu tu.

Hapa ndipo tunapojifunza maana ya bajeti kwa Mkristo. Umaskini wa mnunuzi ni sababu ya kununua vichache. Hauwi sababu ya kumlipa muuzaji pungufu. Tukiwa na fedha ya mashine moja kwa bei ya haki, tununue moja. Kununua tatu kwa fedha hiyo maana yake mbili zimelipwa na wajane.

Linabaki swali la mwisho, ambalo wake zetu, waume zetu na jumuiya zetu ndogondogo wametuuliza kwa haki: kwa nini kukusanya kabisa, wakati ada na dawa zinasubiri? Mfano wa tajiri aliyejenga ghala kubwa zaidi (Luka 12:16-21) unatuhusu hata kama ghala letu ni rafu mbili. Tumejiwekea mpaka: mashine isiyomfaa mtu haikai kwetu. Vijana hujifunzia kupiga chapa kwa vidole kumi, na umeme ukikatika somo linaendelea. Matangazo ya kigango yameandikwa kwa mashine hizo zaidi ya mara moja. Bwana wetu baada ya kuwashibisha watu aliagiza mabaki yakusanywe, kisipotee kitu (Yohane 6:12). Tunaamini kuokota mabaki ni kazi njema, ikiwa hatumwachi njaani yule tuliyeyaokota kwake.

Ndugu msomaji, huenda hukusanyi mashine. Lakini unanunua samaki Mwaloni kwa mvuvi aliyechelewa na mwenye haraka, unanunua kiwanja kwa mzee asiyejua kwamba barabara inakuja, unapatana mshahara na binti wa kazi aliyefika jana kutoka kijijini. Kila mahali hapo kuna jambo unalolijua na mwenzako halijui. Tumwombe Mungu atupe ujasiri wa kulisema kabla fedha hazijatoka mfukoni.